Muziki wa Kusomea Majokofu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Naandika nikicheka peke yangu, na si kwa sababu ya gesi niliyovuta asubuhi.

Bosi alituita wote katikati ya karakana, akapanda juu ya jokofu bovu lililolazwa chali, akatangaza. Fundi Mkuu anastaafu mwisho wa mwezi. Atakayeongoza katika mtihani wa cheti cha ufundi majokofu, Jumamosi ya tarehe 22, ndiye atakayechukua cheo chake, funguo zake na ile ofisi yenye dirisha. Mtihani uko wazi kwa mfanyakazi yeyote. Yeyote! Nikatazama huku na huku. Wenye ndoto tuko wawili tu: mimi na Kimya.

Kimya ni jirani yangu wa meza. Sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Ukimsalimia anainua nyusi. Ukimwuliza kitu kiko wapi, anakuonyesha kwa bisibisi. Lakini kusoma, anasoma! Hata akila, kitabu kimeegemea chupa ya maji mbele yake. Bosi alipotaja mtihani, Kimya alitabasamu. Nilikuwa sijawahi kuyaona meno yake. Ni mengi mno.

Kitabu hicho hicho ninacho. Bado kimo ndani ya nailoni yake. Shida yangu si akili, ni utulivu. Nikifungua ukurasa tu, mawazo yanatoka mbio kama kuku waliofunguliwa banda.

Sasa sikia ajabu. Jioni nilikuwa kwa kinyozi, redio imewashwa. Mtaalamu mmoja wa mambo ya akili akasema anayetaka kusoma bila mawazo kutangatanga asikilize muziki wa ala tupu. Usio na maneno! Maneno ya wimbo, alisema, yanagombana na maneno ya kitabu, ila ala zinakaa pembeni tu zikilinda mlango. Niliruka kwenye kiti. Kinyozi akaniomba radhi kwa kilichotokea juu ya sikio la kushoto. Nikamwambia akate apendavyo, mimi nimeshakuwa Fundi Mkuu.

Jumanne, 4 Machi

Kazi imeanza! Nilimwambia mke wangu kwamba kuanzia leo sebule ni chuo. Akauliza yeye atashonea wapi. Nikamwambia chuo kina uwanja. Akabeba cherehani hadi kibarazani, mdomo ameubetua.

Niliwasha spika nikaanza kuchuja muziki. Si kazi ndogo! Kinanda: kizuri, ila punde nikajikuta nimelalia mkono, mate yamechora ramani mezani. Fidla: nikamkumbuka marehemu bibi, nikalia. Gitaa: miguu ikainuka yenyewe. Filimbi: hapo! Filimbi laini, na nyuma yake ngoma ndogo inagonga taratibu kama mgeni mwenye adabu. Kichwa kikatulia kama maji ya mtungi.

Na hapo ndipo wazo likazaliwa. Kila sura ya kitabu nitaipa muziki wake! Kompresa, ngoma, maana nayo inadunda. Gesi, filimbi, kwa kuwa vyote ni pumzi. Umeme, gitaa, kwa ajili ya nyaya. Mabomba, tarumbeta, hilo halihitaji maelezo. Siku ya mtihani nitavuta muziki kichwani, na sura nzima itakuja nyuma yake kama behewa la treni. Nani mwingine angewaza hivi? Nani?

Mke wangu aliporudi ndani akauliza nimesoma kurasa ngapi. Swali la mtu asiyejua elimu inavyojengwa. Nikamjibu kwamba bado natayarisha mazingira.

Anayenielewa ni shemeji peke yake. Huyu ni mdogo wake mke wangu, anaishi nasi, na pale karakanani ndiye anayekaa mapokezi kusikiliza wateja na majokofu yao. Alichungulia kutoka chumbani kwake akaniomba, kwa heshima zote, nisipunguze sauti.

"Unanituliza hata mimi, shemeji," akasema, kisha akafunga mlango.

Mtu mwenye sikio!

Alhamisi, 6 Machi

Nimempeleleza adui. Kimya anasoma akiwa ameziba masikio kwa pamba! Pamba! Huyo ndiye mpinzani wangu, mtu wa zama za pamba.

Lakini sipendi kuacha mambo yajiendee. Nikawaza: ikiwa maneno ya wimbo yanagombana na maneno ya kitabu, basi dawa ya Kimya ni maneno. Mengi. Matamu. Nikamjazia kadi ya simu nyimbo za mapenzi, zile zinazonata akilini kama ubani kwenye nywele. Kuna mmoja ni hatari kabisa. Mwanamke anamlilia mumewe: "Rudi, mpenzi, rudi, chai inapoa." Basi. Hakuna kingine. Anarudia hadi mwisho. Ukiusikia mara moja umekwisha.

Nilimpa kadi wakati wa mapumziko. Nikamwambia ni zawadi, kwamba mtaalamu kasema muziki unasaidia sana kusoma. Habari ya ala tupu sikuigusa. Huo si uongo, ni kufupisha.

Kimya aliitazama kadi. Akanitazama mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa, macho yanameta. Nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumapili, 9 Machi

Spika imekufa! Niliifungua kidogo tu, kuiongezea mdundo kwa ajili ya sura ya Kompresa. Ikatoa cheche, ikatoa moshi, ikanyamaza. Mke wangu akasema kwa sauti ya upole sana kwamba kumbe hivi ndivyo anavyopatikana Fundi Mkuu. Wenye wivu hawajibiwi.

Nikavuka barabara kwa Mzee Tarumbeta. Mzee huyu alipuliza katika bendi ya zimamoto hadi akastaafu. Nikampa pendekezo: yeye aje apulize taratibu chini ya dirisha langu, mimi nitamtengenezea jokofu lake linalonguruma. Alikubali kabla sijamaliza. Nadhani ni siku nyingi hajaombwa.

Alasiri akaja. Amevaa sare! Vifungo vyote viking'aa, kofia kwapani, tarumbeta imesuguliwa hadi unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nikaketi mezani, nailoni nimeshaitoa, sura ya Mabomba iko wazi. Nikampungia mkono. Akaanza.

Mwanzo ulikuwa wa taratibu, kama tulivyokubaliana. Tatizo ni watu. Akatokea wa kwanza, akaja na mwenzake, mtaa wote ukajaa mbele ya dirisha. Mzee alipowaona, damu ikamrudia. Gwaride! Mashavu yamefura, mguu unapiga chini, watoto wanaandamana kuzunguka tangi la maji. Mke wangu mwenyewe, yule aliyenuna tangu Jumanne, nilimwona kibarazani akitikisa mabega. Nilikuwa nimefika mstari wa pili wa Mabomba. Nikafunga kitabu nikatoka kucheza. Ningefanyaje? Mimi si jiwe.

Jioni nikalipa deni langu la fadhila. Nilifungua jokofu la Mzee kwa nyuma, nikabonyeza hapa, nikakaza pale, nikaongeza gesi kwa kukisia. Likazidi kunguruma. Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza, akasema noti yake ya muziki sasa imeshuka kidogo, zamani ilikuwa juu zaidi. Shemeji alikuwa amenisindikiza, kanibebea mfuko wa vifaa. Akaomba tuzime umeme. Akaingiza mkono, akanyoosha panga moja la feni lililokuwa linakwaruza kifuniko chake. Tukawasha. Kimya! Simaanishi yule wa kazini. Kimya chenyewe.

Nikamwuliza amejuaje. Akasema amesoma mahali fulani. Wengine wana bahati jamani! Nikamwonya asizoee kugusa vitu asivyovijua. Akaitikia, "Sawa, shemeji."

Alhamisi, 13 Machi

IMEFANYA KAZI!

Mzee Tarumbeta, kwa shukrani ya jokofu, ameniazima spika yake mwenyewe, kubwa kama kabati. Nimeiweka sebuleni, imeegemea ukuta wa mbao wa chumba cha shemeji, maana kwingine haikuenea. Nikaweka filimbi. Nikafungua sura ya Gesi. Na nikasoma! Kusoma kwa kweli, siyo kule kwa kupitisha macho. Mbu alinitua shingoni, akanywa, akaondoka, sikuhisi. Gari la takataka lilipita likipiga honi, nikaambiwa baadaye.

Na niliyoyasoma! Miaka yote hii natengeneza majokofu nikidhani yanatengeneza baridi. Kumbe baridi haiingizwi ndani. Joto ndilo linalotolewa! Gesi inaingia, inalibeba joto mgongoni, inakwenda kulitua nje, inarudi kubeba lingine. Kazi yake ni hiyo hiyo usiku na mchana, bila kulalamika. Nilikwenda jikoni nikaligusa jokofu letu kwa nyuma. Lina joto! Nikasimama pale mkono umelilalia. Karibu nililie jokofu.

Furaha kama hiyo huwezi kuifungia ndani. Nikatoka mbio. Nikamweleza mke wangu. Nikamweleza Mzee. Nikaenda dukani nikamweleza muuza duka, nikapitia kwa kinyozi nikamweleza yeye na wateja wake wote, mmoja ana povu nusu ya uso. Sikuwaeleza habari za gesi, hizo zingewachosha. Niliwaeleza habari za muziki! Namna ala zinavyolinda mlango! Mwenye povu akauliza kama inafaa pia kwa waliokwisha kumaliza shule. Nikamweleza kwa urefu.

Niliporudi ilikuwa wakati wa kulala. Filimbi ilikuwa bado inapigwa. Shemeji akasema hakuizima, alijua nitarudi. Binti mwenye utu sana.

Jumla ya leo: ukurasa mmoja na nusu. Lakini ukurasa gani!

Jumanne, 18 Machi

Balaa. Kimya anaimba.

Hakuanza taratibu. Aliingia asubuhi bila pamba, akaning'iniza koti, akafungua kinywa: "Rudi, mpenzi, ruuudi." Fundi Mkuu aliangusha spana. Kimya akaimba akifungua kompresa. Akaimba akila, kitabu mbele yake, anageuza kurasa kwa kufuata mdundo. Na anaongea! Alimpigia mteja hadithi ndefu kuhusu mjomba wake na ngazi. Mteja akacheka hadi akasahau alichofuata.

Nilitarajia achanganyikiwe. Badala yake amenawiri. Tena lililo baya zaidi ni kwamba wimbo umeingia kwangu mimi! Tumekaa meza moja, ningeponea wapi? Jioni niliweka filimbi kubwa kabisa kwenye spika ya Mzee. Filimbi inalia, na kichwani mwangu mwanamke anaita watu wanywe chai. Nikaweka kichwa chini ya bomba la maji. Akaendelea kuita. Nikafungua sura ya Kompresa, nikakuta nimesoma "chai inapoa ikiwa mafuta hayatoshi." Nikafunga kitabu.

Mke wangu naye kaudaka kwangu, anaushonea. Cherehani inaupiga vizuri kweli.

Nilimwomba Kimya aache, kwa ajili ya afya yake. Akaniwekea mkono begani.

"Siwezi, ndugu yangu," akasema. "Tangu nilipokuwa mdogo naogopa watu, naogopa na mitihani. Hizi nyimbo zimenifungua. Sijui nitakushukuru vipi."

Ile ilikuwa sentensi nzima! Zaidi ya moja! Niliinua nyusi.

Jumamosi, 22 Machi

Mtihani! Naandika nikiwa bado na wino kwenye kidevu.

Nilikwenda kifua mbele. Sikusoma sura zote, sawa, ila muziki wa sura zote nilikuwa nao kichwani, umepangwa. Mlangoni msimamizi akachukua simu zetu na spika za masikioni. Nikacheka moyoni. Mwenzenu anabeba muziki ndani ya fuvu!

Ukumbi ulijaa. Kimya alipangwa kiti cha mbele yangu. Nyuma kabisa nikamwona shemeji, ameinama anaandika. Nikajua Bosi amemtuma aandikishe majina ya waliofika. Nikampungia. Hakuniona, alikuwa na kazi.

Swali la kwanza: eleza kazi ya kompresa. Nikafumba macho, nikaita ngoma. Ngoma ikaja! Safi, kila pigo mahali pake. Nikasubiri behewa. Ngoma ikaendelea. Nikasubiri. Halikuja behewa, ilikuja ngoma tu, ikapita, ikaishia. Nikaita gitaa: likaja peke yake. Tarumbeta ikaja na sare na vifungo na watoto wakizunguka tangi la maji, ila bomba hata moja halikuonekana. Ni filimbi tu iliyoniletea kitu. Habari ya joto kutolewa nje niliiandika yote, vizuri, nikiona fahari. Halikuwa swali lililoulizwa, lakini lilikuwa jibu zuri.

Kisha Kimya akaanza kuimba puani. Wala hakujua. "Mmm, mmm, mmm-mm." Aliye kulia kwangu akadaka. Aliye kushoto akadaka. Safu nzima inaguna kama mzinga. Msimamizi akasimama akauliza kwa ukali ni nani anayeimba. Wote wakanyamaza. Isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa nimefika kwenye maneno.

Nikahamishiwa kiti cha peke yangu, nikitazama ukuta. Nilipoisoma upya karatasi yangu, kwenye swali la sababu za kompresa kupata joto kali, nilikuta nimeandika: mafuta machache, uchafu kwenye feni, mpenzi kutorudi. Nikafuta la mwisho. Kengele ikalia nikiwa bado nalifuta.

Hata hivyo, nadhani nimefanya vizuri.

Jumatatu, 31 Machi

Matokeo.

Bosi alipanda tena juu ya jokofu. Nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nimeshapanga nikikaa katika ile ofisi niangalie dirishani kwa namna gani. Akasema amefurahi mno, kwamba karakana haijawahi kufanya vizuri hivi. Nikapiga hatua moja mbele. Akasema aliyeongoza, si karakana hii tu bali ukumbi mzima, ni... Akamtaja shemeji.

Shemeji! Wa mapokezi! Aliyekuwa akiandikisha majina!

Wa pili, Kimya. Mimi nilitajwa mwishoni, katika kundi la wanaotiwa moyo wajaribu tena Septemba.

Nitasema kweli, kwa kuwa hapa sioni mtu. Nilikwenda nyuma ya karakana nikaketi kati ya majokofu mabovu, nikatamani kufungua mlango wa moja niingie. Watu walipiga makofi kule mbele, na nilijua makofi yanavyopaswa kuwa, maana nilikuwa nimeyasikia kichwani wiki nne nzima.

Shemeji akanifuata. Akachuchumaa mbele yangu, funguo za Fundi Mkuu ziko mkononi, hajui azishikeje. Akasema aliogopa kuniambia, kwamba hakutaka nione ananishindania. Kila jioni nilipowasha muziki wangu, yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta amekaa kitandani na kitabu. Filimbi ikianza, anaanza. Sauti ya barabara inapotea, mawazo yanatulia, anasoma hadi muziki uishe. Siku niliyotoka kwenda kuwaeleza watu, alimaliza sura mbili.

"Bila muziki wako nisingeweza, shemeji," akasema. "Kweli kabisa." Akaanza kulia.

Basi ningefanya nini? Nikamwambia ofisi yenye dirisha inamfaa, mimi jua linaniumiza macho. Nikampangusa kwa mkono wa shati langu jeupe. Kisha Kimya akaja, akatukumbatia wote kwa pamoja, akatoa hotuba. Hotuba! Nilipoinuka, Fundi Mkuu mpya akanituma, kwa heshima zote, nikasafishe feni za jokofu la mchinja nyama.

Nyumbani mke wangu amepika, amemwalika Mzee Tarumbeta, na gwaride limechezwa. Mke wangu akaninong'oneza sikioni kwamba leo kasikia nilivyomtendea mdogo wake, na kwamba sebule naweza kuendelea kuitumia. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeamka na jibu! Nimeketi kitandani nikapiga kelele, mke wangu akadhani ni mwizi.

Mbinu yangu ni sahihi! Imethibitishwa! Ukumbi mzima umeongozwa na mtu aliyesoma kwa muziki wangu! Wa pili naye ni wa muziki wangu, hata kama ule wa chai sikuuelewa vizuri. Imeshindwa kwa mtu mmoja tu, mimi. Kwa nini? Nimewaza wakati nikipiga mswaki, nikawaza tena nikinywa uji, na sasa naona waziwazi.

Shemeji alikuwa upande wa pili wa ukuta!

Muziki ukikufikia moja kwa moja ni mkali mno. Lazima upite kwenye mbao kwanza! Mbao ndizo zinazochuja! Yule mtaalamu wa redioni hakulijua hili, masikini. Nitamwandikia.

Septemba ni mbali, muda upo tele. Seremala nimeshamwona asubuhi hii kabla ya kazi. Tutaigawa sebule katikati kwa ukuta wa mbao, spika upande mmoja, mimi upande mwingine. Akauliza mlango uwe wapi. Hilo sijaliamua. Kuna suala zito la kuchagua mbao, kwa sababu lazima kila sura iwe na mbao zake.

Mke wangu ameuliza leo nitasoma nini. Nimemwambia asinivuruge, aje anishikie upande ule wa futi ya kupimia.